Lakers: soko linafunguliwa saa 7 usiku. Senta yupi, na Finney-Smith tunamfanyaje?

#1 Kikomo195 · Jumatatu 30 Juni 2025

Wakuu, usiku wa kuamkia kesho, saa 7 kamili kwa saa za huku (saa 12 jioni New York), soko la wachezaji huru NBA linafunguliwa. Kabla ya kutajiana majina tuweke hesabu mezani, maana kila mwaka tunajaza kurasa za ndoto, halafu timu inaishia kuokota watu wa mshahara wa kima cha chini.

Hali ilivyo. LeBron jana amechukua mwaka wake wa mwisho wa mkataba, dola milioni 52.6. Luka 46. Rui 18.3. Reaves 13.9. Vanderbilt 11.6, Vincent 11.5, Kleber 11. Knecht 4, Bronny 2. Hao ni watu 9 na jumla yake ni kama milioni 170.9. Milton na Goodwin wapo lakini mikataba yao haijadhaminiwa, wawili hao wana kama milioni 5.4 na wanaweza kuachwa bila gharama, kwa hiyo siwahesabu.

Dorian Finney-Smith, mkabaji wetu wa pembeni, amekataa milioni 15.4 za mwaka ujao na anaingia sokoni.

Kikomo cha mishahara msimu wa 2025/26 ni milioni 154.6. Tumeshakipita, kwa hiyo nafasi ya kusaini mtu moja kwa moja haipo. Tulichonacho ni ruhusa maalumu za kusaini mtu ukiwa juu ya kikomo:

MLE kamili (ruhusa ya mshahara wa kati), milioni 14.1. Ukiitumia unafungiwa kwenye aproni ya kwanza (mstari wa matumizi ulio juu ya kikomo), milioni 195.9, na huwezi kuivuka hata kwa shilingi moja mpaka 30 Juni mwakani.

MLE ya walipa kodi (timu zinazolipa kodi ya kuzidisha mishahara), milioni 5.7. Hii inakufungia juu zaidi, aproni ya pili, milioni 207.8.

BAE, ruhusa ndogo ya milioni 5.1, ukiitumia mwaka mmoja, mwaka unaofuata huna. Nayo inakufungia aproni ya kwanza.

Kwa hiyo kutoka 170.9 mpaka 195.9 kuna milioni 25. Hizo ndizo za kujadili. Na kikosi lazima kiwe na watu 14 angalau.

Karibuni.

#2 GomaHoops

Mimi sitaki hesabu nyingi. Kuminga yuko sokoni. Kijana wa Goma, miaka 22, anaruka kuliko kikosi chote tulicho nacho. Mleteni.

#3 Kikomo195

GomaHoops ndugu yangu, Kuminga ni mchezaji huru mwenye masharti. Golden State (Warriors) wakishampa ofa yao ya lazima ya mwaka mmoja (kama milioni 8), timu yoyote ikimsainisha karatasi ya ofa wao wana haki ya kuilinganisha na kubaki naye. Kwa MLE tunaanzia milioni 14.1, nao watailinganisha wakiwa wanacheka.

Njia ya pili ni asainiwe na wao kisha wamlete kwetu kwa kubadilishana. Hapo kuna mtego. Kwa kuwa mshahara wake unapanda kutoka 7.6, kwenye hesabu za Warriors anahesabika nusu tu ya mshahara mpya. Akipewa 20, kwao anatoka kama 10, ila sisi tunampokea kama 20. Ukiwapa Rui wa 18.3, upande wao haukai sawa. Na sisi tukimpokea kwa njia hiyo tunafungiwa aproni ya kwanza vilevile.

Halafu, si senta (mrefu wa chini ya ringi).

#4 GomaHoops

Sawa. Basi Biyombo 😂 Lubumbashi oyee

#5 MzeeWaSkrini

Umetania lakini kuna hoja ndani yake, nitarudi kwa Biyombo.

Kwanza tukubaliane tatizo lenyewe. Mechi ya 5 ya mtoano dhidi ya Minnesota (Wolves), walirusha pointi 3 mara 47 wakaingiza 7. Saba! Wakatufunga 103-96 nyumbani kwetu na kututoa 4-1. Timu inakosa mitupo 40 ya mbali na bado inashinda, maana yake mipira iliyokosa ilikuwa inarudi kwao. Senta wao Gobert pointi 27 na ribaundi 24. Kocha Redick hakumweka senta wetu Hayes uwanjani hata dakika moja mechi ile, na Kleber aliyekuwa nje tangu Januari na mguu uliovunjika ndiyo kwanza alirudi kwa dakika chache.

Kucheza bila mrefu kunakula pande mbili. Ulinzi, Rui anamzuia vipi Gobert asifike chini ya ringi? Anamsukuma kwa kiuno sekunde mbili, ya tatu mtu kesha mpita juu. Mashambulizi ndiko watu hawakuoni: Luka akiwekewa skrini (mwenzake kusimama kumzibia mlinzi njia) na Rui au Finney-Smith, walinzi wanabadilishana tu, kwa sababu hakuna anayezama kuelekea kikapuni wa kuogopwa. Luka anabaki na mpira sekunde 15 akimchezea mlinzi mmoja, wenzake wanne wamesimama wanatazama.

Dallas 2024 walifika fainali na Gafford na Lively. Si kwamba ni nyota. Kazi yao ilikuwa tatu: skrini, kuzama, kudaka pasi ya hewani. Mrefu akizama kwa kasi, mlinzi wa kona analazimika kuingia ndani kumkata, na hapo kona ya pointi 3 inakuwa wazi. Luka anaisoma hiyo akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo swali langu kwa kila jina litakalotajwa: anazama? anadaka? anarudi kukaa chini ya ringi?

#6 DadaKona3

Nakubali kuhusu senta ila mnampitia Finney-Smith haraka mno. Baada ya Luka kuja, huyo ndiye alikuwa mlinzi wetu wa pembeni wa kuaminika, na anarusha pointi 3 za kona. Nani mwingine anakaa mbele ya Anthony Edwards wa Minnesota? Reaves? Luka? LeBron wa miaka 40?

Ukiwa na Luka na Reaves pamoja nyuma, unahitaji wakabaji wawili wa pembeni NA mrefu. Ukimwacha Finney-Smith ili upate mrefu, umeziba tundu moja kwa kitambaa ulichokata kwenye tundu jingine.

Na tuna haki ya Bird juu yake, tunaweza kumlipa hata tukiwa juu ya kikomo. Tatizo liko wapi?

#7 Kikomo195

Tatizo liko kwenye 25 zile.

Haki ya Bird inakuruhusu kupita kikomo, haikuruhusu kupita aproni ukishajifungia. Tuseme Finney-Smith anaanzia milioni 12. Tunafika 182.9. Kimebaki 13, na MLE kamili ni 14.1. Haiingii, na bado una watu 10 tu.

Ukimtaka yeye basi senta unamtafuta kwa 5.7 ya walipa kodi au kwa kima cha chini. Ukitaka MLE kamili, yeye anaondoka. Kupata vyote kuna mlango mmoja: umtoe Vincent au Kleber bila kupokea mshahara. Timu inayopokea itataka malipo ya kubeba mzigo, na machaguo yetu ya raundi ya pili ya drafti (uteuzi wa wachezaji chipukizi) karibu yameisha. Ya raundi ya kwanza, la 2027 lina deni Utah na la 2029 liko Dallas. Sitoi la 2031 kumwondoa Gabe Vincent. Samahani.

#8 Temeke_Zambarau

Jana Portland wamevunja mkataba na senta wao Ayton kwa makubaliano. Nimeona watu wanashangilia. Naomba tusifike huko.

#9 MombasaLaker

Kwani Ayton ana shida gani boss? Namba 1 wa drafti 2018, mbele ya Luka mwenyewe. Ana miaka 26, futi 7. Msimu uliopita pointi 14.4 na ribaundi 10.2. Kwa bei ya bure.

#10 Temeke_Zambarau

Mechi 40 kati ya 82, mkuu. Uliiacha hiyo.

Na soma vizuri namna anavyopata hizo 14. Anaweka skrini ambayo haimgusi mtu, anateleza kabla mlinzi hajagongana naye, kisha anasimama futi 10 kutoka ringi anarusha kile kimtupo chake cha kuelea. Mtu wa kilo zaidi ya 110 anakwepa kugusana. Ndiyo maana haendi kwenye mitupo huru. Timu mbili zimemchoka, Phoenix na Portland, na Portland wamemlipa aondoke. Ulishasikia mtu analipwa kuondoka nyumba nzuri?

#11 MzeeWaSkrini

Temeke una haki kwenye skrini. Lakini hapo ndipo kazi ya kocha ilipo, na inafundishika zaidi ya mikono. Mikono Ayton anayo. Anadaka pasi mbovu, anamalizia kwa mkono wowote, ana urefu wa kuifuata ya hewani. Phoenix ilipofika fainali 2021 alikuwa anazama kwa sababu Chris Paul alikuwa hampi mpira akisimama katikati. Luka naye hampi. Ukisimama futi 10, pasi inaenda kona, na wewe mwenyewe unajifunza.

Majina mengine kwa kipimo changu:

Brook Lopez, miaka 37. Anakaa chini ya ringi vizuri kuliko wote sokoni na alicheza mechi 80 msimu uliopita. Hazami, anarusha pointi 3. Kwa Luka hiyo inafanya kazi kwa namna nyingine, inamtoa mrefu wao nje. Ila ukipambana na timu ambayo walinzi wake hubadilishana kila skrini hatakuadhibu, na ribaundi hazikimbilii.

Clint Capela, 31. Amezama na Harden Houston miaka, kisha Trae Young Atlanta. Anaijua kazi hii usingizini. Miguu imepungua na nafasi yake Atlanta ilichukuliwa na Okongwu.

Luke Kornet wa Boston. Huyu ndiye kipenzi changu. Skrini za kweli, anakaa chini, anaokota mipira iliyokosa upande wa mashambulizi, halalamiki. Boston wanabana matumizi kwa sababu ya aproni ya pili, anaweza kutoka.

Biyombo, sasa. Ana futi 6 na inchi 8 ila mikono mirefu sana. Skrini zake zinauma. Ulinzi sawa. Ila mikono haishiki pasi ya kasi, na pasi za Luka zina kasi. Senta wa tatu, kwa kima cha chini, sina tatizo. Faida ya hesabu: mkongwe wa miaka zaidi ya 10 analipwa kama 3.6 kwa mkataba wa mwaka mmoja, ila kwenye vitabu vya timu anahesabika 2.3, tofauti inafidiwa na ligi.

#12 PwaniStats

Swali la sheria. Si timu zilizo juu ya aproni ya kwanza haziruhusiwi kusaini mtu aliyevunjiwa mkataba wenye mshahara mkubwa? Ayton alikuwa analipwa milioni 35.

#13 Kikomo195

Kizuizi hicho ni kwa waliotemwa katikati ya msimu wenyewe. Ayton ametemwa kiangazi, hakimhusu. Kwanza anapita saa 48 za weiva ambapo timu yoyote yenye nafasi inaweza kuubeba mkataba wake. Hakuna atakayefanya hivyo.

Na jambo moja la kujazia kwa MombasaLaker: Ayton na Luka wana wakala mmoja, Bill Duffy. Luka anaruhusiwa kusaini nyongeza ya mkataba kuanzia 2 Agosti. Unganisha mwenyewe.

#14 Temeke_Zambarau

Kwa hiyo wakala ndiye meneja wa timu siku hizi. Sawa.

#15 DadaKona3 · Jumanne 1 Julai

Finney-Smith ameenda. Houston, miaka minne, milioni 53.

#16 Temeke_Zambarau

Miaka MINNE kwa mtu wa miaka 32. Wacha aende.

#17 DadaKona3

Wepesi wa kusema. Houston wametoka kumchukua Durant, sasa wanamwongeza Finney-Smith, na Capela pia amerudi kwao usiku huuhuu. Timu tutakayokutana nayo Mei imejaza benchi kwa watu tuliokuwa tunawajadili hapa.

Naelewa kwa nini ofisi yetu haikutaka mwaka wa tatu na wa nne. Mikataba ya Vincent na Kleber inaisha 2026, ya LeBron nayo, Rui nayo. Wanataka vitabu vyeupe Luka akiwa na miaka 27, 28. Ninachouliza ni nani anamkaba Edwards Novemba hii.

#18 Kikomo195

Hesabu sasa imekuwa rahisi. 170.9, hakuna Finney-Smith, MLE kamili iko wazi. Lopez ameenda upande wa pili wa jiji, Clippers, miaka 2 kwa kama 18. Capela hayupo.

Na kuna jingine, Jake LaRavia anakuja kwetu. Miaka 2, milioni 12.

#19 MombasaLaker

Nani?

#20 PwaniStats

Miaka 23, futi 6 na inchi 7, msimu uliopita Memphis kisha Sacramento. Zaidi ya asilimia 42 kwenye pointi 3. Usichanganyikiwe na asilimia hiyo, harushi nyingi na anasubiri awe wazi kabisa. Lakini anakaba wa ukubwa tofauti na mikono yake ina haraka.

Kilichofanya apatikane ni uzuri wa sheria. Memphis walikataa mwaka wake wa nne, uliokuwa na thamani ya kama milioni 5.2. Timu ikikataa mwaka huo, haiwezi kumlipa zaidi ya kiasi hicho msimu wake wa kwanza kama mchezaji huru, na kizuizi kinahamia kwa timu inayompokea katikati ya safari. Kwa hiyo Sacramento wasingeweza kumpa zaidi ya 5.2. Sisi tumempa 6. Tumewazidi kwa laki kadhaa tu na hawakuwa na la kufanya.

#21 MzeeWaSkrini

Safi sana hiyo. Ila sasa MLE imekatwa, imebaki 8.1. Senta wa 8.1 ni nani? Kornet?

#22 PwaniStats · Jumatano 2 Julai

Kornet, San Antonio. Miaka 4, kama 41. Atakaa nyuma ya nyota wao Wembanyama.

#23 MzeeWaSkrini

Basi. Najifuta machozi.

#24 GomaHoops

Biyombo bado yupo nawaambia 😂

#25 MombasaLaker · Ijumaa 4 Julai

AYTON!!! Miaka 2, milioni 16.6, mwaka wa pili ni chaguo lake. Temeke uko wapi?

#26 Temeke_Zambarau

Nipo. Chaguo la mwaka wa pili ni lake, si letu. Akicheza vizuri anaondoka, akicheza vibaya anabaki. Hiyo ndiyo bei halisi, msitazame 8.1 peke yake.

#27 Kikomo195

Kweli, ila hiyo ndiyo namna ya kumvuta mtu aliyekuwa na milioni 35 hadi 8. Na akicheza vizuri kiasi cha kuondoka, tumepata senta kwa mwaka mmoja kwa bei ya mchezaji wa benchi. Nakubali hatari hiyo.

Mnaona uzuri wa kuikata MLE? Nimepiga hesabu mbili.

Ungempa mtu mmoja 14.1 yote na mwingine BAE: 170.9 + 14.1 + 5.1 = 190.1. Una watu 11. Kimebaki 5.8 kwa watu 3 wa kufikisha 14. Adou Thiero wa raundi ya pili kama 1.3, wakongwe wawili wa kima cha chini 2.3 kila mmoja: 5.9. Umepita. Inakwama kwa laki moja.

Ukiikata kwa wawili, 190.1 ileile inakupa watu 12. Thiero 1.3, Hayes aliyerudi kwa mwaka mmoja kama 3.4. Uko 194.8 na watu 14, na nafasi ya milioni 1.1 chini ya aproni. Inakaa.

Sharti: Milton na Goodwin waachwe BAE itakapotumika. Na chumba hicho cha 1.1 hakitoshi kusaini mtu wa 15 sasa, mpaka msimu uende mbele, kwa sababu kima cha chini hupungua kila siku inayopita. Anayeumia Oktoba tutambeba hivyohivyo.

#28 MzeeWaSkrini

Hayes kurudi kwa 3.4 wakati kima chake ni chini ya hapo, wamefanyaje?

#29 Kikomo195

Haki ya Bird ndogo. Mchezaji wako mwenyewe unaruhusiwa kumpa mpaka asilimia 120 ya kima chake cha chini. Ubaya wake, kiasi hicho kinahesabika chote, ile nafuu ya kuandikiwa 2.3 inapotea.

#30 DadaKona3

Kwa hiyo swali langu la Juni limebaki palepale. BAE, milioni 5.1, mkabaji wa pembeni. LaRavia ni wa ukubwa wa namba 3 na 4. Vincent anakaba walinzi wadogo, Vanderbilt anakaba lakini harushi, na ukimweka na Ayton pamoja kona moja inakufa. Wolves walimwacha wazi wakajaza ndani.

Nisingeitumia kesho. Wiki hizi timu zinaanza kuvunjiana mikataba na watu waliokwama kwenye klabu zinazojenga upya. Mlinzi mkongwe aliyeachiwa hivyo analipwa sehemu kubwa na timu yake ya zamani, kwa hiyo 5.1 inamtosha. Ndivyo tulivyompata Ayton. Subirini katikati ya Julai, mwacheni Goodwin mpaka dakika ya mwisho, huyo angalau anang'ang'ania mtu.

#31 Temeke_Zambarau

Mimi hapo tu ndipo nimekubaliana na mtu kwenye uzi huu.

Kwa Ayton nitaangalia kitu kimoja, mechi 10 za mwanzo: skrini zake. Hesabuni ni mara ngapi mlinzi wa Luka anagongana na mwili. Asipogongwa, Luka anakabwa na watu wawili juu kabisa, mpira unatoka mapema, na tumerudi kwenye sekunde 15 za MzeeWaSkrini.

#32 MzeeWaSkrini

Na ukihesabu, tenga skrini za katikati na za pembeni. Za pembeni Ayton huwa anateleza mapema kwa sababu mstari wa nje unamsaidia, mlinzi hana pa kupita. Za katikati ndizo kipimo, pale lazima asimame miguu yote miwili mpaka Luka apite begani kwake, ndipo ageuke azame. Hayes anafanya hivyo vizuri, shida yake ni upande wa pili wa uwanja. Ningewapa Ayton dakika 28 na Hayes 16, Kleber zilizobaki akiwa mzima.

#33 GomaHoops

Na ile nafasi ya 15?

#34 Kikomo195

Haijafunguliwa, ndugu. Ikifunguliwa nitakuita wewe wa kwanza. Mikataba yenyewe inasainiwa Jumapili tarehe 6 saa 1 jioni kwa saa zetu, mpaka hapo yote haya ni makubaliano ya mdomo.